Barua Pepe ya Chiriku

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya mama yake ya kushona mapazia na mashuka. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa, na vidole vyake kwenye kompyuta vilikuwa vivyo hivyo. Mama aliigusa kompyuta kama anagusa pasi ya moto, kwa hiyo barua pepe zote zilikuwa kazi ya Chiriku.

Siku moja ikaja barua ya kheri. Muuguzi mkuu wa hospitali alitaka mapazia ya wodi mpya ya watoto. Aliuliza kama kitambaa kinastahimili kufuliwa kwa maji ya moto, na kama wangeweza kuleta sampuli. Mama alipiga vigelegele. Kazi ilikuwa imepungua mno, na alikuwa ameanza kuwaza jinsi ya kumwambia fundi wake wa pekee, dada mcheshi aliyekaa kwenye cherehani ya dirishani, kwamba abaki nyumbani.

"Mjibu vizuri, mwanangu," Mama alisema. "Kitambaa kinastahimili, na sampuli tutapeleka siku atakayopanga."

"Hiyo ndogo, Mama!"

Chiriku akaandika kama anavyowaandikia wenzake: "MAMBO! TUMEIONA. MAJI YA MOTO SI TATIZO, HATA YACHEMKE VIPI!! SEMENI TU LINI." Akamalizia kwa msururu wa vikaragosi vya kucheka. Hakuweka jina la Mama, wala la karakana. Hakuisoma tena. Alibonyeza "jibu wote", na barua ikamwendea muuguzi mkuu, pamoja na daktari wa watoto na mtunza ghala aliowanakili, kwa mpigo mmoja.

Siku zikapita, hospitali kimya. Dada wa cherehani akapunguza mizaha. Mama naye akawa anakunja kitambaa kilekile, anakikunjua, anakikunja tena.

Ijumaa alikuja Shangazi, karani wa ofisi moja, kujaribu gauni ambalo Mama alikuwa akimshonea kindugu. Aliposikia habari ile, alisema, "Hebu nione mlichowaandikia."

Alisoma, akacheka hadi akakaa juu ya majora ya vitambaa. Kisha akafuta machozi.

"Chiriku, ungemkuta huyo muuguzi ofisini kwake, ungeingiaje?"

"Ningepiga hodi, Shangazi. Halafu ningemwamkia shikamoo."

"Basi hapa umeingia bila hodi, umepayuka, na umeondoka bila kusema umetoka kwa nani."

Chiriku alihisi uso unamwaka. Alimgeukia Mama. "Kumbe ni mimi niliyeharibu! Dada atakosa kazi kwa sababu yangu. Nisamehe, Mama."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mama alisema, "lakini mtungi haujapasuka. Andika nyingine."

Safari hii Chiriku aliogopa kukosea, akaamkia mno. Za nyumbani? Za wagonjwa? Watoto wote wazima? Na mvua huko je? Dada wa cherehani aliisoma kwa sauti, akashindwa kufika mwisho kwa kicheko.

"Sasa umemkalisha sebuleni hadi chai imepoa!" Shangazi alisema. "Huyo ana wagonjwa wanamngoja. Salamu moja, kisha neno lililokuleta."

Wakacheka wote, na Chiriku akaanza upya. Kichwa akakiandika: "Majibu kuhusu mapazia ya wodi ya watoto." Chini yake:

"Mheshimiwa Muuguzi Mkuu, habari za kazi. Tunaomba radhi kwa jibu letu la kwanza, halikuwa la heshima. Kitambaa chetu kinastahimili kufuliwa kwa maji ya moto. Sampuli iko tayari, na tutaileta siku utakayopanga. Asante kwa kutufikiria."

Akamalizia kwa jina la Mama na la karakana. Aliisoma kwa sauti mara mbili, akarekebisha neno moja.

"Nimtumie yeye peke yake?" aliuliza.

"Hapana, leo wote," alisema Shangazi. "Waliosoma utovu wa adabu wasome na radhi."

Shangazi alikuwa bado amevaa gauni lenye pini kompyuta ilipolia. Muuguzi mkuu alikuwa amejibu: "Asanteni. Barua ya kwanza ilitutia shaka; tuliogopa kuwapa kazi watu wasiosoma wanachoandika. Hii imetutuliza. Leteni sampuli Jumatatu asubuhi."

Jumatatu Mama alirudi kutoka hospitali akiimba tangu mlangoni. Kazi imepatikana, na baada ya wodi ya watoto kuna wodi ya wazazi! Dada wa cherehani aliruka, akamzungusha Chiriku katikati ya karakana hadi wote wawili wakaona kizunguzungu.

Walipotulia, Mama alimshika Chiriku mabega. "Nimekuona unavyofurahi, mwanangu, kwa sababu uko mbele yangu. Yule aliye mbali hakuoni. Hajui kama unatania au unamdharau. Maneno yako ndiyo uso wako kwake, basi uoshe uso kabla ya kutoka."

"Ndiyo, Mama," alisema Chiriku. Akavuta kiti, akaanza kuwaandikia hospitali barua ya kuwashukuru.