Oili Iliyopimwa Mteremkoni

Walisema mwanangu anauza oili ya kijiji. Maneno hayo niliyasikia kwanza kisimani, yakanifuata hadi jikoni. Nikisaga ulezi nayasikia. Nikisali nayasikia.

Mwanangu ni Modesti, dereva wa Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa, huku juu Ufipa. Alikuwa akipeleka mahindi Kabwe, ziwani, na kurudi na samaki. Siku moja, akiupanda ule mlima mrefu wa kutoka ziwani, gari lilipiga kelele ya chuma kusagana, likasimama. Giaboksi ndogo ilikuwa imeungua. Hiyo ndiyo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari lilikokotwa hadi ghala la kijiji, na giaboksi ilipofunguliwa, ndani oili ilikuwa kidogo.

"Jumamosi tulipima wote," alisema Evaristi, mwenyekiti wetu. "Tulifungua nati ya kupimia, ile ya ubavuni, oili ikachuruzika. Ilikuwa imejaa! Sasa imekwenda wapi? Wavuvi nao wana mashine, bwana."

Modesti aliteremka tena Kabwe kwa miguu, akakaa hukohuko. Nikabaki peke yangu. Wanawake wakaacha kupita kwangu kuomba moto. Nilipika sufuria ndogo, nikala nusu.

Wiki ya tatu nikatembea hadi Chanji, mjini Sumbawanga, kwa fundi Halfani. Yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza giaboksi ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie kweli. Mwanangu ni mwizi?"

"Mimi fundi wa chuma, mama, si wa mioyo." Akafuta mikono. "Gari mnalilaza wapi?"

"Mteremkoni, karibu na ghala. Betri imekufa. Asubuhi tunalisukuma, linawaka."

"Na oili mnapimia hapohapo?"

"Hapohapo. Kamati nzima inaangalia."

Akatia maji kidogo kwenye karai, akaliinamisha. Maji yakakimbilia upande mmoja. Upande wa juu ukabaki mkavu.

"Oili nayo ni hivihivi," alisema. "Pale ghalani nati ya kupimia inakuwa upande wa chini. Oili inachuruzika hata kama haijajaa. Halafu gari linapanda mlima, pua juu, muda mrefu. Ile oili kidogo inalala nyuma. Meno ya gia za mbele yanazunguka makavu, yanaungua."

"Na ingekuwa imejaa?"

"Ikifika kipimo, meno yanaichota na kuirusha kila mahali, hata mlimani."

Jumamosi iliyofuata Halfani alikuja kuifunga giaboksi. Akatia oili gari likiwa palepale ghalani, mpaka ikachuruzika.

"Imejaa?" akauliza.

"Imejaa!" kamati ikajibu.

"Haya, sukumeni."

Tukalisukuma hadi uwanja wa shule, penye tambarare. Akasubiri oili itulie, akafungua nati. Halikutoka hata tone. Akaongeza chupa nzima ndipo ikachuruzika.

"Kumbe mwizi ni kamati!" alisema bibi Stefania. Watu wakacheka. Evaristi akatazama viatu vyake. Mimi sikucheka.

Modesti alirudi baada ya mwezi, kwa kuitwa na barua ya mwenyekiti. Sasa anapimia uwanjani. Msimu mzima gari limeupanda mlima ule, halijaungua. Lakini nyumbani anaongea kidogo. Wanawake wamerudi kuomba moto, nami ninawapa. Ila nimekwisha kujua jinsi njia ya mlangoni inavyoota majani upesi.

Ninyi wenye magari ya milimani, msifanye haya:

Usipime oili gari likiwa limeinama, mbele, nyuma wala ubavuni.

Usipime mara tu gari linaposimama. Iache oili itulie kwanza.

Usipime giaboksi kubwa ukaisahau ile ndogo.

Usianze mlima mrefu bila kupima.

Usiendelee kupanda ukisikia chuma kinalia.

Usimwite mtoto wa mtu mwizi kabla hujalisukuma gari hadi tambarare.