Damu Iliyokataa Kuganda

Jirani yetu Georgette anafanya kazi ya maabara katika kliniki ndogo hapa mjini Baraka, na hana masihara na mgonjwa mzembe. Asubuhi ile ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa nje, zikinuka kama kawaida. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chai pikipiki iliposimama mlangoni pa kliniki.

Aliyeshuka ni Papa Bertin, mnunuzi wa dhahabu kutoka machimbo ya Misisi. Madaktari walikuwa wamemwekea kilango cha chuma moyoni, na tangu hapo alitakiwa kumeza vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho. Damu ikizidi uzito, anakufa. Ikizidi wepesi, anakufa vilevile. Kazi ya Georgette ilikuwa kuipima.

Siku hiyo kemikali za kipimo zilikuwa zimekwisha, basi akarudi kwenye njia ya zamani: unatia damu kwenye bomba la kioo, unalishika ngumini lipate joto la mwili, unaliinamisha mara kwa mara mpaka damu igande. Aliinamisha, damu ikateleza. Aliinamisha mpaka mkono ukamchoka. Ikateleza tu, kama maji.

"Papa Bertin, vidonge umekunywa ngapi?"

"Siku mingi sikunywe hata kimoja, Madame," akanong'ona.

Georgette hakuamini, na alichukia kudanganywa. Akajichoma sindano mkononi, akaweka damu yake kwenye bomba la pili ili alinganishe. Yake ikaganda vizuri. Ndipo akafanya kama alivyofundishwa shuleni: akajichoma tena, akadondosha damu yake mbichi ndani ya ile ya Bertin, aone kama damu nzima itairekebisha ile mbovu.

Ikaganda palepale. Bertin akasimama, kiti chake kikaanguka.

"Umechanganya damu yako na yangu?"

"Ni kipimo tu, Papa."

"Hapana, Madame." Mtu mzima yule alikuwa analia. "Mi na Eugène tulichanjanaka damu, tukakuwa bandugu. Kisha nikamuua mu shimo, na mutaimbo, juu ya zahabu. Tangu pale muzimu yake iko nanitafuta. Kila muntu mwenye kuchanganya damu na sisi, anakuwa ndugu yetu. Eugène atamukamata naye."

Georgette alitaka kumcheka. Hakupata nafasi.

Pigo la kwanza lilimpata Bertin begani. Hapakuwa na mtu. Mfupa ulivunjika, Georgette aliusikia. Pigo la pili likatua mdomoni, na meno yakaruka mpaka kwenye sinki. Bertin akapiga magoti. Akainua mikono, nayo ikavunjwa. La mwisho lilishukia kisogoni.

Damu ilimtoka puani. Masikioni. Kwenye ufizi. Haikukoma hata alipoacha kupumua.

Jua la mchana lilikuwa linawaka dirishani. Georgette hakuweza kuinuka kitini. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, mpaka akajikojolea.

"Eugène," akanong'ona. "Mi sikukufanyia kitu."

Kisha kitu kikapumua karibu na uso wake. Pumzi ya baridi, yenye harufu ya udongo wa chini sana. Akafumba macho.

Polisi walimhoji wakamwachia, maana mkono wake ule mwembamba usingeweza kupasua kichwa cha mwanamume namna ile. Amerudi kazini. Anacheka kidogo kuliko zamani, na akikatwa na kisu cha jikoni, kitambaa kinalowa damu mpaka kesho yake.

Aliyetusimulia haya yote ni dada yake, Solange, ambaye ndiye aliyeosha chumba kile. Katikati ya damu alikuta nyayo za miguu mitupu, za udongo mwekundu wa machimboni. Zilitoka mlangoni zikaenda kwa Bertin. Zikamzunguka. Kisha zikaelekea kwenye kiti cha Georgette, zikafika karibu kabisa, vidole chini ya kiti.

Solange alisugua sakafu yote mpaka jioni. Nyayo za kutoka hakuziona.