Tumbo Lililopewa Jina

Bibi Bonifasia alipomwita mjukuu aliye tumboni, tumbo liliitika. Mkamwana wake, Perpetua, alikuwa akianika dagaa. Alihisi kitu kikigonga chini ya mbavu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Perpetua alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na sasa kijiji kizima cha ujamaa kilikuwa kimeliona tumbo. Kwao mtoto hapewi jina kabla hajazaliwa, kwa kuwa hujui ni nani mwingine anayesikiliza. Lakini Bonifasia, ambaye hata ugali aliuonja kabla haujaiva, hakuweza kungoja. Alimwita Xavery, jina la marehemu mumewe.

Siku za kujifungua zikapita. Pumzi ya Perpetua ikaanza kunuka tope la ziwani, na kila alichokula kilirudi. Hospitalini, Daktari Ildefonsi alimnywesha dawa nyeupe nzito, akampiga picha.

“Mama, hii si mimba,” alisema. “Ni uvimbe kwenye tumbo la chakula. Ni wa nadra, lakini hauonekani kuwa saratani. Tukiukata utapona.”

Perpetua alilia zaidi kwa habari hiyo njema kuliko alivyowahi kulia kwa maumivu. Uvimbe ukakatwa, ukapimwa, ukaonekana hauna ubaya wowote.

Aliporudi nyumbani mchana, amekonda lakini anakula, Bonifasia alimzuia uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Usiingie, mwanangu.” Sauti yake ilikuwa chini sana. “Daktari amemtoa, lakini jina nililompa hajaliacha. Tangu ulipopasuliwa yumo ndani ya nyumba. Padri amenyunyiza maji ya baraka, mganga amefukiza, wote amewacheka. Anakungoja wewe. Akikuita usiitike. Ukiitika, umemzaa.”

Perpetua aliogopa, maana jua lilikuwa kali na kuku wamenyamaza wote, na harufu ile ya tope ilikuwa ikitoka chini ya mlango, na nyuma ya mlango kitu chenye majimaji kilikuwa kikijivuta sakafuni, kikipumzika, kikijivuta tena kama mtoto anayejifunza kutambaa, na alipojishika kifua apate kupumua alikuta blauzi imelowa maziwa.

“Mama,” kiliita, kwa sauti nzito ya mzee.

Bonifasia akamziba mdomo kwa kiganja. Perpetua akauondoa mkono ule taratibu.

“Abee,” alisema.