Shati Lililosema "Twende"

Mama Profesa alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Kila asubuhi alipokea shuka arobaini, foronya arobaini, na taulo zilizobaki, maana wageni wengine huondoka nazo. Alifua, akasuuza, akaanika, akapiga pasi. Pasi yake haikuwa na mchezo. Inasemekana mtu aliyekunja uso akipita karibu nayo, uso hunyooka wenyewe.

Jina lake lilitokana na kifungua mimba wake. Kijana huyo alikuwa sekondari, na alipenda maneno marefu. Hakusema, "Nina njaa." Alisema, "Tumbo langu linadai haki yake." Baba yake, fundi baiskeli, akamwita Profesa. Jina likanata.

Lakini Mama Profesa mwenyewe hakujua kusoma. Alikuwa na miezi minane katika darasa la watu wazima. Herufi alizijua zote. Akizikuta moja moja, walisalimiana vizuri. Akizikuta zimekusanyika, alizikimbia.

Jumatatu moja Kitinda, binti wa mwisho, alirudi na barua ya shule. Profesa akaisoma kwa sauti. Ijumaa ya wiki inayofuata, wazazi wa darasa la pili wanaalikwa. Kila mzazi atawasomea watoto ukurasa mmoja wa hadithi.

Kitinda alikuwa anatazama sakafu.

"Aje baba," alisema.

"Mimi Ijumaa nina baiskeli tisa miguu juu," fundi alijibu. "Mama yako yupo."

"Basi asije mtu."

"Kwa nini nisije?" mama aliuliza.

"Utakwama, mama. Watacheka. Halafu wataniita mtoto wa asiyejua."

Hata bomba la jikoni, lililovuja tangu mwaka jana, liliona haya likaacha.

"Nitakuja," alisema Mama Profesa. "Na nitasoma."

Kesho yake Profesa alileta kitabu cha jalada gumu. Kilihusu binti mfalme aliyefungiwa katika kasri, na theluji imefunika bustani. Kila mchana mama alikaa kando ya meza ya kupigia pasi, kitabu mkononi.

"The-lu-ji," alisoma. "Profesa, theluji ndiyo nini?"

"Ni barafu laini idondokayo kutoka mawinguni, mama."

"Inafuliwa kwa maji ya moto au baridi?"

"Haifuliwi, mama!"

"Mimi naisoma ya nini, basi?"

Hadi Jumapili alikuwa amefika mstari wa tatu. Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati.

"Mwambieni mwalimu naumwa."

"Unaumwa nini?" fundi aliuliza.

"Theluji."

Wakati huo jirani wa mlango wa pili alikuwa amesimama hapo, amefuata mapazia yake yaliyofuliwa. Alikuwa mkutubi. Kazi yake ilikuwa kutunza vitabu na kuwasaidia watu kuvisoma. Alisikia yote, maana sikio la jirani halina mlango.

"Mama Profesa," alisema, "ile habari yako ya shati, uliyotuvunja nayo mbavu juzi, hebu nisimulie tena."

"Ile? Ule ni uongo wa kwenye kamba ya nguo tu, dada."

"Nisimulie huo huo uongo."

Mama Profesa akasimulia. Mkono wake uliendelea kukunja shuka, mdomo ukaenda zake. Mkutubi alichukua karatasi kubwa na kalamu nene. Aliandika kila alichosikia, kama alivyokisikia. Sentensi moja, mstari mmoja. Alipomaliza, alisogeza karatasi.

"Soma."

"Mimi?"

"Umesema mwenyewe sasa hivi. Fuata kwa kidole."

Mama Profesa akaweka kidole.

"Bwana mmoja alikuja," alisoma polepole. "Shati lake lilikuwa kubwa kama hema. Nikalianika. Nikaweka vibanio ishirini. Upepo ukaja. Shati likasema, Mama, twende!"

Aliinua macho. "Haya ni maneno yangu!"

"Ni yako. Ulikwama wapi?"

"Kwenye vibanio, kidogo."

"Na hivyo ndivyo vinavyobana, si ajabu," alisema mkutubi. Kisha akaelekeza. Asome karatasi ile mara tatu kila siku. Maneno yanayomsumbua yaandikwe kwenye vipande vidogo vya karatasi, ayachanganye, ayatambue. "Mtu husoma upesi maneno ambayo tayari yanaishi mdomoni mwake. Akishayazoea kwenye karatasi, ya wengine yatafuata."

Jumatatu alisoma mara mbili bila kukwama. Jumanne alisoma akipiga pasi. Shuka mbili ziliungua, lakini hakukwama.

Jumatano Profesa aliichukua karatasi. Aliisoma, akaona aibu. Akawaza: mama atasimama mbele ya walimu aseme shati limesema twende? Alimpenda mama yake. Kwa hiyo akaiandika upya, kwa mwandiko wa kupendeza, akaitupa ile ya kwanza.

Alhamisi mchana mama aliweka kidole.

"Ha-po... za-ma-ni... pa-li-to-ke-a..." Jasho likamtoka. "Mgeni mwenye... u-mbo... mi-thi... mithi nini?"

"Mithili ya mlima, mama."

"Mimi nilisema mlima?"

"Nimeboresha."

Kidole kilibaki pale pale. Kisha mama akakunja karatasi, mara moja, mara mbili, kama foronya.

"Mambo yamekwisha," alisema. "Kitinda, kesho siji."

Kitinda alitoka mbio, akaenda kugonga mlango wa pili.

Mkutubi alikuja na kijiko bado mkononi. Alisoma karatasi ya Profesa.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu," alisema. "Kweli kabisa. Lakini mama yako yuko wapi humu ndani?"

Profesa alitafuta. Hakumwona.

"Lakini dada, ule si usemi wa vitabuni."

"Na vitabu vilitoka wapi? Vilishuka na theluji? Kila kitabu kilianza mdomoni mwa watu fulani. Wakaandika wanavyosema, wanavyofanya kazi, wanavyocheka. Wewe ni mtoto wa dobi, Profesa. Mithili ni neno zuri, na mama atalisoma siku yake ikifika. Kila nguo na kibanio chake. Hadithi ya mama uliyoitupa, unaikumbuka?"

"Naikumbuka mimi," alisema Kitinda. "Yote."

Akasimama katikati ya chumba, akaisema neno kwa neno. Profesa aliandika bila kuongeza kitu. Mkono ulimwasha, lakini alijizuia.

Ijumaa Mama Profesa alisimama mbele ya watoto thelathini na moja. Shikamoo zilimwagika. "Marahaba," alijibu, akafungua karatasi. Kitinda alikuwa amezama kwenye dawati, macho tu yakionekana.

"Bwana mmoja alikuja," alisoma. "Shati lake lilikuwa kubwa kama hema."

Mtoto mmoja alicheka. Mama akaendelea. Kwenye vibanio akasimama. Darasa likangoja. Kidole kikasogea. "Vi-ba-ni-o ishirini. Upepo ukaja. Shati likasema, Mama, twende! Nikasema, Sijaaga nyumbani. Shati likasema, Twende!"

Mara ya tatu darasa zima lilisema naye: "Twende!" Shati likampeleka juu ya paa la kwanza, juu ya paa la pili, na juu ya paa la mkubwa wake wa kazi, aliyempungia mkono akidhani ni ndege. Kwenye mstari wa mwisho likamshusha.

"Na viatu vyako?" mvulana mmoja aliuliza. "Havikuanguka?"

"Hilo halijaandikwa."

"Liandike!"

Kitinda alisimama juu ya dawati. "Ataandika," aliwaambia. "Huyo ni mama yangu."

Mama Profesa aliandika habari ya viatu kwa mkono wake mwenyewe. Ilimchukua siku nne na mistari sita. Baadaye akaandika habari ya taulo zinazosafiri. Darasa la watu wazima nalo likaanza kuandika ya kwao. Muuza mkaa wa darasa hilo alikuwa na hadithi ndefu kuliko zote.

Miezi mitano ikapita. Siku moja mama alipanda kiti, akashusha kile kitabu cha jalada gumu kutoka juu ya kabati, akakisoma chote, mithili na kila kitu.

"Enhe," Profesa aliuliza, "umekionaje?"

"Kizuri," alisema Mama Profesa, akichukua pasi. "Ila kasri zima lile, hakuna hata mtu mmoja anayefua."