Kiraka Juu ya Kiraka Bafuni

Fundi cherehani hakutulia. Alishona pindo moja, akainuka kwenda kupapasa sakafu ya bafuni. Akarudi, akashona la pili, akainuka tena. Sakafu ilikuwa majimaji vilevile.

Maji yalitoka kwenye kibanda cha kuogea cha kioo kisichoonyesha ndani, pale fremu ya alumini inapokutana na vigae vya ukuta. Wiki iliyopita mama yake aliteleza hapo. Hakuvunjika, ila tangu siku hiyo anaogea beseni chumbani, na begi lake limekaa tayari mlangoni.

"Jumapili nakwenda kwa dada yako," mama alisema. "Bafu lake bovu, lakini halina hila."

"Mama, jana nimeziba tena."

"Umeziba mara nne, mwanangu. Maji yameshakuzoea."

Mkewe alicheka huku anakamua tambara. Kisha akapanda ghorofani kumwita jirani yao, mwanamke fundi vioo, bila kumuuliza mtu.

Mwanamke huyo alikuja na wembe na chupa ya spiriti. Akainama kuitazama silikoni, ile gundi inayokauka ikawa kama mpira. Ilikuwa nene kama mkia wa kondoo.

"Kaka, hapa umeziba au umepamba keki?"

"Ilipovuja niliongeza juu yake. Kiraka juu ya kiraka. Suruali zangu hazijawahi kulalamika."

"Na ndani umeziba pia?"

"Ndani na nje. Koti bila bitana ni koti?"

"Fremu siyo koti, kaka. Mtu akioga, maji kidogo lazima yaingie kwenye fremu. Yanatakiwa yarudi ndani, yaishie kwenye tundu la kutolea maji. Wewe umeyafungia mlango wa kurudi, nayo yakatafuta pa kutokea. Fremu kama hii huzibwa nje tu. Halafu silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Haishiki penye maji wala mabaki ya sabuni."

Fundi cherehani akakuna kichwa. Mkewe akamnong'oneza, "Leo umepimwa wewe."

Walikwangua silikoni yote, ya ndani na ya nje, mpaka vigae vikabaki vitupu. Wakafuta kwa spiriti, wakaacha pakauka. Jirani akabandika utepe wa karatasi upande huu na huu wa nafasi ya kuziba. Akavuta mstari mmoja kwa nje, toka chini hadi juu, bila kusimama. Akaulainisha kwa kidole, kisha akabandua utepe kabla silikoni haijaanza kukauka.

"Hakuna kuoga humu mpaka kesho saa kama hizi."

"Siku nzima? Mimi kwa siku nzima nashona suti."

"Basi kaishone."

Suti gani? Alikwenda bafuni mara kumi na moja. Kila aliponyoosha kidole, mkewe alikohoa nyuma yake.

"Ukigusa, hicho kidole nakishonea kwenye pindo."

Jumamosi alasiri alitandaza gazeti kavu nje ya kibanda, akafungulia maji robo saa. Gazeti halikulowa hata ncha. Akampelekea mama yake alione.

"Mimi sitembei juu ya gazeti," mama alisema. Akaja polepole, mkono ukutani, akapapasa sakafu kwa unyayo. Akapapasa tena. Kisha akaingia kibandani, akafunga mlango.

Maji yakaanza kumwagika. Fundi cherehani akapiga magoti nje, kiganja sakafuni.

"Uko hapo?" sauti ikatoka ndani.

"Nipo, mama."

"Sakafu?"

"Kavu."

Maji yakaendelea muda mrefu. Yakakatika.

"Mwambie mkeo anitolee taulo kwenye begi." Kisha akaongeza, "Na hizo nguo nyingine azirudishe kabatini."

Fundi akarudi kwenye cherehani. Akashona suruali nzima bila kuinuka.