Dakika Arobaini Chini ya Bawa

Haya yalimpata Ognyan, fundi wa ndege ninayemfahamu kutoka Plovdiv. Fundi mwenzake, Kamen, alipoingia kwenye tangi tupu la mafuta, ndani ya bawa, kazi ya Ognyan ilikuwa kusimama chini, kugonga kila baada ya dakika tano na kuandika daftarini. Kamen akijibu mara mbili, yu mzima.

"Gonga, bwana, usije ukanisahau humu kama soksi."

"Soksi ina nafuu, wewe unanuka zaidi."

Ognyan akaenda kuvuta sigara, akanogewa na soga kwa dakika arobaini. Aliporudi alianza na daftari. Akaandika mara nane: nimegonga, amejibu. Ndipo akagonga.

Kamen alitolewa maiti, kauawa na mvuke wa mafuta. Daftari likamwokoa Ognyan. Mjane alimshika mkono makaburini, akamshukuru kwa kumwangalia mumewe.

Mwezi uliofuata alitumwa kuchukua ngazi chini ya bawa lilelile. Tangi lilikuwa limejaa mafuta pomoni, limefungwa. Ngazi ikagusa bawa kidogo. Ndani, polepole, kukagongwa mara mbili.

Akabaki pale, ameishika ngazi. Baada ya dakika tano kukagongwa tena, na tena, hadi mara ya saba.

Ya nane haikutoka bawani; aliisikia kwenye ngazi, mikononi mwake.