Kompyuta ya Thelathini na Moja

Fundi Kipara alizijua kompyuta za zahanati ile kama mama anavyovijua vilio vya wanawe. Zilikuwa thelathini, zote za msaada, na kila moja na ukoo wake. Ndiyo maana programu mpya ikija, aliijaribu kwanza kwenye moja ya kila aina, kisha ndipo aitume kwa zote. Haraka haraka haina baraka.

Asubuhi ile programu mpya ilipofika, orodha ya kompyuta ilionyesha thelathini na moja.

"Mke wangu, kuna mtu kaleta mashine?" alimuuliza mkewe, mpokea wagonjwa wa hapohapo, mwenye mimba ya miezi minane.

"Thubutu! Hata hiki kiti nimeazima."

Akaikagua. Haina kiwanda, haina diski. Mahali pa ukubwa wa kumbukumbu pameandikwa: *natafuta*. Na pale mapokezi pakaanza kunukia marashi mazito, madirisha yote yakiwa yamefungwa.

"Ifute," mkewe alinong'ona. "Naogopa, jamani."

"Nimeifuta mara tatu. Inarudi."

Simu ikalia. Meneja. "Fundi, mfumo umesimama, wagonjwa wamejaa! Tuma hiyo programu kwa zote sasa hivi!"

Akatuma. Ile ya thelathini na moja ikagoma: *aina haijulikani, chagua inayofanana nayo*. Sasa mafundi wana tabia yao moja mbaya: mashine usiyoijua, ihesabu kuwa sawa na jirani yake. Kipara akachagua ya karibu, ile ya mapokezi, ambayo mkewe alikuwa ameiegemea kwa tumbo, na mstari wa kijani ukaanza kujaa polepole, na feni za kompyuta zikanyamaza chumba baada ya chumba, na katika ukimya ule akasikia kitu kikivuta pumzi chini ya meza, si yeye, si mkewe, kinavuta bila kutoa, kinavuta tu.

*Imekamilika.* Feni zikarudi. Orodha: thelathini. Marashi hakuna.

"Imeondoka!" Kipara alicheka mpaka akatokwa machozi.

Mkewe hakucheka. Alishika tumbo. "Niitie mkunga."

Mkunga, ambaye Jumatatu tu alikuwa amewaambia mtoto ni mmoja na mzima, aliweka kifaa chake cha kusikilizia. Akasogeza. Akasikiliza tena, muda mrefu.

"Mapigo ni mawili, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu wa pili, kila nikisogeza kifaa, ananifuata."

"Na mwanangu?" Kipara aliuliza.

"Anamkimbia."